Gari la Nyumba Halikwepi: Kutoka Tabora Hadi Kigoma kwa Macho Manne

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tanki letu, lililofungwa chini ya kitanda, linachukua lita 150. Juu ya hapo weka mtungi wa gesi, betri za sola, jiko, kabati la vyombo, godoro, madumu ya dizeli, spea tairi mbili na sanduku la spana ambalo mtu mmoja halinyanyui. Yote hayo yamo ndani ya Toyota Coaster, gari ambalo wengi wenu mmelipanda mjini likiwa daladala. Sisi tuling'oa viti tukaligeuza nyumba. Mume wangu ndiye dereva. Mimi nakaa kiti cha kushoto, upande wa bega la barabara, na kazi yangu ni kuona.

Watu wakitukuta tumepaki chini ya mwembe Urambo au Kaliua, maswali yao huwa ya usiku. Hamwogopi wezi? Fisi je? Nawaelewa. Ila kinachonitia hofu mimi ni mchana kweupe, lami nzuri, mwendo wa 80, halafu kitu kimoja barabarani ambacho dereva wa gari dogo angekipita kwa kugusa usukani kidogo tu. Sisi hatuna uwezo huo. Gari refu lenye mzigo, ukilikata ghafla kulia halafu ukalirudisha kushoto, uzito wote unahamia upande mmoja, maji ya kwenye tanki yanaufuata, na matairi ya upande wa pili yanaanza kuachia lami. Magari mengi mnayoyaona yamelala ubavu porini, ukiwauliza waliokuwepo watakwambia shimo lenyewe lilikuwa la kawaida. Kilicholiangusha gari ni kulikwepa. Kwa hiyo ndani ya nyumba yetu kuna sheria moja ya usukani: chochote tutakachokikuta mbele, tunakipita polepole au tunasimama. Na huwezi kupunguza mwendo kwa ajili ya kitu ambacho hujakiona.

Hesabu yake ni ya kutisha kidogo, lakini kila anayesafiri na familia aijue. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Mtu akiona kitu, mpaka akili ielewe ni nini na mguu ufike kwenye breki, sekunde moja na nusu imekwisha. Mita 33 zimepita na gari bado lina mwendo uleule. Ndipo breki zinaanza kazi, na kwenye lami kavu, kwa gari lenye matairi mazima, zinahitajika mita nyingine 35 hadi 40. Gari zito, au lami yenye maji, zinaongezeka. Maana yake nikisema "ng'ombe" na ng'ombe yuko mita 50 mbele yetu, nimeshachelewa. Ukishuka hadi 50, jumla yote inakuwa kama mita 35. Tofauti hiyo ndiyo uhai wa mtoto wa watu.

Safari yenyewe ni kilomita 400 na ushei: Tabora, Urambo, Kaliua, Usinge, Malagarasi, Uvinza, Kidahwe, kisha unateremkia ziwani. Miaka ya nyuma ilikuwa vumbi na tope kwa sehemu kubwa, na waliopita wakati huo wana simulizi zao. Sasa lami imefika mbali, na Daraja la Kikwete limetuondolea adha ya kuvuka Mto Malagarasi. Nashukuru kwa moyo wote. Ila lami imeleta hatari ya aina nyingine, ile inayojificha nyuma ya uzuri. Kwenye rafu rodi kila mtu anaendesha kwa adabu kwa sababu gari lenyewe linamkumbusha. Kwenye lami gari linanyamaza, na macho yanalala yakiwa wazi.

Nianze na bega la barabara, kwa sababu liko upande wangu. Mvua inakula ukingo wa lami, malori yanayopishana yanaumalizia, halafu majani yanaota yanafunika. Ukitazama kwa mbali unaona kijani kizuri kimeshikana na lami. Ukishuka ukapapasa kwa mguu, unakuta ngazi ya kina cha kiganja, mahali pengine hadi kwenye kifundo cha mguu. Sasa basi linakuja mbele linaovateki, dereva wako anasogea kushoto kulipisha, tairi za kushoto zinadondoka. Watu wengi hapo huvuta usukani kulia kwa nguvu ili warudi. Ubavu wa tairi unasugua ukingo, unakataa kupanda, dereva anaongeza nguvu, kisha tairi inapanda kwa ghafla ikiwa imeshageuzwa, na gari linarukia upande wa pili, kwenye njia ya wanaokuja. Anayejua anafanya kinyume: anashika usukani unyooke, anaondoa mguu kwenye mafuta, anaacha gari lipoe lenyewe huku matairi mawili yakiwa kwenye udongo, na anarudi juu polepole mahali ambapo ukingo ni mfupi.

Ili asifike huko, mimi na mume wangu tuna lugha yetu. Kila baada ya mwendo fulani namwambia "kushoto pazuri" au "kushoto hapana". Basi. Pazuri maana yake bega lipo, limeshikana na lami, hakuna mtu, hakuna mtaro. Akibanwa anaweza kushuka. Hapana maana yake asitegemee. Kwa hiyo lori likitokea mbele yetu limeacha njia yake, jibu la kwenda wapi analo tayari kichwani, hana haja ya kulitafuta. Nawashauri wanaosafiri wawili wajaribu hili kwa saa moja tu. Mtashangaa sehemu ndefu kiasi gani ya barabara ni "hapana".

Kitu ninachokitafuta kwa macho yote mvua zikikolea ni kalavati. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, na njia hii inakatisha mbuga nyingi, zile nyanda za udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Bonde la Malagarasi na Moyowosi ni ardhi oevu kubwa kiasi kwamba mwaka 2000 lilikuwa eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye Mkataba wa Ramsar. Maji ya mabonde haya lazima yavuke barabara, na mengi yanavukia chini yake, kwenye makalavati ambayo msafiri hayaoni kabisa. Anaona vinguzo viwili pembeni, basi.

Kalavati likiziba kwa magogo na majani, maji yanapanda upande wa juu, yanatafuta pa kupita, na yanapapata pembeni mwa bomba. Yanachukua udongo kidogo kidogo, usiku mzima. Lami ya juu inabaki mahali pake, nzima, nyeusi, imeoshwa na mvua inang'aa, kama paa la nyumba ambayo kuta zake zimeshaliwa na mchwa. Bodaboda zinapita. Gari dogo linapita. Halafu linakuja la tani kadhaa.

Asubuhi moja kati ya Kaliua na Malagarasi mvua ilikuwa imenyesha hadi alfajiri. Nilichokiona kwanza ni nyasi kavu na vijiti vilivyolala juu ya lami, vyote vimeelekea upande mmoja. Hakuna upepo unaopanga nyasi hivyo. Maji yalikuwa yamepanda juu ya barabara usiku, kisha yakashuka. Nikasema "simama", mume wangu akasimama, akawasha taa za hatari, nikavaa mabuti nikashuka. Kwenye lami kulikuwa na ufa mwembamba, umepinda kama nusu duara kutoka ukingo wa kushoto hadi karibu na katikati. Kidole cha shahada kiliingia hadi kiungo cha kwanza. Ndani ya ile nusu duara lami ilikuwa imebonyea kidogo sana, kiasi kwamba ukisimama huoni. Nilichuchumaa ndipo nikaona maji yametuama pale kama kwenye sahani. Kinguzo kimoja kilikuwa kimeinama kuelekea bondeni. Nikazunguka upande wa chini, nikainama: maji yalikuwa yanaingia upande wa juu yakiwa na rangi ya chai nyepesi, na yanatoka upande wa chini yakiwa tope zito jekundu. Udongo huo ulikuwa unatoka chini ya barabara.

Akaja mzee na baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, anaisukuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mmeharibikiwa?"

"Hapana baba, tunaangalia hapa."

Akaegesha baiskeli kwa ule mti wake wa kuegeshea, akaja kutazama. Akatikisa kichwa. "Usiku lori limepita hapa, tumelisikia kule nyumbani. Lilipiga kishindo. Nikasema hili lami litakwenda." Akachukua panga lake bila kuambiwa, akaenda kukata matawi. Tukapanga matawi upande huu na upande ule, mbali vya kutosha ili dereva ayaone kabla ya kufika, na mume wangu akaweka pembetatu zetu za kuakisi mwanga. Kisha tukageuza gari tukarudi kulala tulikotoka. Waliokuja na trekta na mawe kulijaza lile tundu walituambia kwamba chini ya ile nusu duara mtu angeweza kukaa.

Kwa maji yanayopita juu ya barabara sina mjadala hata kidogo. Maji yanayotembea yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kuelesha gari dogo, na sentimita 60 yanasomba magari mengi, yakiwemo makubwa. Coaster ina ubavu mpana, bapa, maji yanaupenda. Na hakuna anayejua kama lami bado ipo chini ya maji hayo. Utaona wengine wanapita, utingo ametangulia kwa miguu, watu wanashangilia. Sisi tunasubiri au tunazunguka. Mwaka 1871 Mirambo, yule mtemi ambaye Urambo imechukua jina lake, alikuwa vitani na Waarabu wa Tabora na njia ya Ujiji ilifungwa. Stanley akalazimika kuzunguka mbali kusini ndipo akafika ziwani alikokuwa Livingstone. Kila nikipita Urambo nalikumbuka hilo. Njia hii imeshawazungusha watu wengi, na waliokubali kuzunguka walifika.

Mvua ya kwanza kabisa ya msimu nayo ina hila yake. Miezi yote ya kiangazi lami imelamba vumbi, matone ya dizeli na oili ya malori. Manyunyu ya kwanza yanachanganya vitu hivyo bila kuviosha, na kwa dakika kadhaa barabara inateleza kuliko itakavyoteleza katikati ya masika. Ikianza kudondoka tunapunguza mwendo mara moja, hata kama ni matone tu kwenye kioo.

Vitu vilivyowekwa barabarani na watu vinahitaji kusomwa kwa namna nyingine, maana kila kimoja kina sababu. Matawi mabichi kwenye lami ni ujumbe kwamba mbele kuna gari limeharibika, pengine baada ya kona. Hili kila Mtanzania analijua. Kinachosahaulika ni mawe. Lori likiharibika mlimani, utingo anakinga matairi kwa mawe makubwa. Likitengenezwa, linaondoka kwa pupa na mawe yanabaki. Yamekaa kwenye njia yako, rangi yake na ya lami hazitofautiani sana jioni. Mara nyingi kuna alama ya mapema: doa jeusi la oili, matawi yaliyokauka, majivu ya moto waliopikia chai. Nikiona majivu pembeni ya barabara, naanza kutafuta mawe.

Halafu kuna mavuno. Baada ya msimu utakuta mahindi au mpunga umeanikwa kwenye ukingo wa lami, na ukiingia upande wa Kigoma, muhogo. Lami inapata joto, inakausha upesi, na familia nyingi hazina sakafu nyingine ya ukubwa ule. Siwalaumu. Lakini wanazungushia mawe ili magari yasikanyage chakula, na jioni wanakusanya chakula, mawe yanabaki. Punje zilizobaki chini ya tairi ya gari linalofunga breki zinateleza kama gololi. Na mwenye mahindi, mara nyingi mama au binti mdogo, amechuchumaa palepale akigeuza, mgongo ameelekeza kwenye magari. Hapo namwambia mume wangu mapema apige honi akiwa mbali, fupi, ya kuarifu. Honi ya karibu inamshtua mtu na mtu aliyeshtuka hukimbilia kokote.

Ng'ombe wana kanuni: wa kwanza akivuka, wengine watamfuata, hata kama kuna gari katikati yao. Ukiona mmoja upande wa kulia na kundi upande wa kushoto, jua kundi litahamia kulia. Na ukiona ng'ombe bila mchungaji, mtafute mchungaji. Ni mtoto, yuko kwenye majani, na atatoka mbio nyuma ya ng'ombe wa mwisho pale ambapo dereva anadhani kumeisha. Tunasubiri mpaka tumemwona yeye. Mara nyingi anainua fimbo kutusalimu, na sisi tunamjibu kwa mkono.

Baiskeli ndizo zinazonikosesha raha zaidi. Mkoa wa Tabora ni wa baiskeli. Mkaa, kuni, madumu ya maji, mtu na mke wake na mtoto, vyote vinakwenda kwa baiskeli. Gunia la mkaa limefungwa kwa upana, linafika mbali kuliko mpini, na mwendeshaji akisikia gari nyuma yake anageuza shingo kutazama. Akigeuza shingo, baiskeli inafuata. Mzigo ule ukiyumba haurudishiki kirahisi. Kwa hiyo tukimpita tunampa njia nzima, kana kwamba ni gari, na kama kuna gari linakuja mbele tunakaa nyuma yake mpaka lipite. Wanaotufuata hupiga honi. Wapige.

Usiku baiskeli ileile haina taa wala kiakisi mwanga, gunia ni jeusi, lami ni nyeusi. Taa za chini za magari mengi zinamulika vizuri kama mita 40 hadi 60 mbele. Rudi kwenye ile hesabu ya juu uone: kwa mwendo wa 80 tayari unaendesha kwenda mahali ambapo huoni. Akija mwenzako na taa za juu hataki kushusha, unaona kidogo zaidi ya hapo, na baada ya kukupita macho yanachukua sekunde kadhaa kuzoea giza tena. Sisi usiku hatutembei kabisa, na huu ndio utajiri mkubwa wa kusafiri na nyumba yako: giza likikaribia hauko mbali na kitanda. Mabasi yana ratiba. Sisi hatuna sababu.

Kuna adui mwingine ambaye wasafiri wa njia hii hawamtaji sana, na ni jua. Kutoka Tabora kwenda Kigoma unaelekea magharibi karibu muda wote. Kuanzia saa 11 na nusu jioni jua linashuka chini ya kile kikinga jua cha gari na linakaa machoni pa dereva mpaka lizame. Vumbi la kwenye kioo linawaka, na kila kilicho kivulini hakipo. Mtu anayevuka kutoka chini ya mwembe haonekani. Wanaokuja wanakuona wewe vizuri sana, jua liko mgongoni mwao, nao wanadhani na wewe unawaona. Kwa hiyo saa 11 tunakuwa tumeshatafuta pa kulala. Kurudi Tabora ni kinyume chake, jua liko mbele asubuhi, na ndiyo maana kutoka Kigoma hatuondoki alfajiri kama watu wote. Tunaondoka saa 3. Kioo tunakifuta nje na ndani. Ndani watu husahau, na huko ndiko ukungu wa vumbi na pumzi unakogandia.

Kiangazi kikikaza, Julai hadi Oktoba, miombo inachomwa na moshi unalala barabarani. Ukiona ukuta wa moshi, au wingu la vumbi nyuma ya lori kwenye daivasheni ya changarawe, usiingie kwa imani kwamba mbele ni kweupe. Ndani yake anaweza kuwemo aliyeingia kwa imani hiyohiyo akasimama. Tunasimama mbali, nje ya barabara, tunasubiri upepo.

Madereva wa malori wana ishara zao na mimi naziheshimu, kwa kiasi. Lori lililo mbele likiwasha indiketa ya kulia, anakwambia usipite, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto anakwambia njia nyeupe, pita. Ni ukarimu mkubwa wa watu wanaokaa juu na kuona mbali. Lakini indiketa ya kulia inaweza kuwa ni kweli anakata kulia kuingia kijijini, na ya kushoto inaweza kuwa anataka kusimama tu ashushe abiria. Ishara ya lori tunaichukua kama habari, kisha tunatazama wenyewe. Hatujawahi kuovateki kwa macho ya mtu mwingine na hatutaanza. Anayekuja mbele akikupungia kiganja kimeelekea chini, juu chini, juu chini, huyo mtii bila swali: punguza mwendo.

Reli nayo. Imefika Kigoma tangu 1914 na barabara inakutana nayo mahali kadhaa. Penye kivuko tunasimama, tunashusha vioo, tunazima redio, tunasikiliza. Gari refu likizimika juu ya reli ni habari nyingine. Hatuingii mpaka upande wa pili uwe na nafasi ya gari zima, na bajaji zikijipenyeza mbele yetu tunasubiri tena.

Matairi ya gari kama letu yanadanganya. Daladala inamaliza kashata za tairi kwa kuzunguka. Gari la nyumba linakaa limepaki wiki nyingi juani, kashata bado ndefu, lakini mpira unazeeka. Ubavuni mwa tairi kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka ilipotengenezwa. Ikiandikwa 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyopasuka nyufa ndogo ndogo ubavuni usiipe mzigo, hata fundi akikusifia ilivyo mpya. Tairi ya mbele ikipasuka kwenye mwendo wa 80, yale niliyoyasema kuhusu kukata kona ghafla yanatokea bila dereva kutaka. Upepo tunapima asubuhi matairi yakiwa ya baridi, na spea pia.

Juu ya gari tunabeba paneli za sola, kwa hiyo mimi natazama juu pia. Matawi ya miembe ndani ya vijiji na nyaya za umeme zilizolegea ni hatari ya mahali pa kupaki kuliko ya barabarani. Gesi tunaifunga kwenye mtungi kabla injini haijawashwa. Hayo yanaeleweka.

Pa kulala tunauliza. Tunakwenda kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti, tunasalimia, tunasema sisi ni nani na tunaomba kulala wapi. Tukianza na salamu ya Kinyamwezi mambo yanakuwa mepesi, na kabla hatujamaliza tunaletewa mtoto wa kutuonyesha. Wao ndio wanaojua kwamba ule uwanja mzuri wa mchanga mweupe, tambarare, wenye kivuli, ni mkondo wa mto ambao unashuka usiku mvua ikinyesha mbali, wewe hujasikia hata tone. Mgeni angeuchagua kwa furaha.

Miteremko ya kuingia Kigoma inatukuta tumechoka, na hapo ndipo panapotakiwa utulivu. Tabora iko juu ya usawa wa bahari kama mita 1,200. Ziwa liko chini ya mita 800. Dereva anaingiza gia ndogo kabla ya mteremko, siyo katikati yake, na anaiacha injini ishike gari. Anayekanyaga breki mfululizo anazichemsha mpaka zinakataa. Ukisikia harufu kama ya nywele zilizoungua, simama mahali tambarare na uziache zipoe zenyewe. Usizimwagie maji.

Mambo mengi niliyoandika hapa sikuyagundua mimi. Niliyapata kwa kuuliza. Kaliua pale stendi kuna mama anauza chai na chapati, na madereva wa malori ya tumbaku na mabasi wanakaa kwake. Ukiuliza "vipi huko mbele?" utajibiwa "kubaya" au "kuzuri", na ukiishia hapo umeondoka mtupu. Uliza upande gani, baada ya kijiji gani, kabla ya daraja au baada yake, na yeye alipita saa ngapi. Mvua ikinyesha, habari ya jana imeshakufa. Na ukiwa umetoka huko, sema kwa namna hiyohiyo: kalavati la pili baada ya kijiji fulani, kushoto, lami imebonyea, pita kulia taratibu. Kisha iambie ofisi. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, zile za kuingia vijijini ni za TARURA. Taja namba ya kilomita iliyoandikwa kwenye kinguzo kilicho karibu ili wakitoka wajue wanakwenda wapi. Wiki ijayo tunaelekea tena Uvinza, mvua zimeshaanza. Mkitangulia ninyi, tuachieni habari kwa yule mama wa chai. Tutapita kwake kabla ya kuondoka.